Lyle Haugen na Matundu Manne ya Meza ya Mwaloni

Ndugu, majirani na washarika wenzetu, Lyle aliagiza wasifu wake uwe mfupi na vipimo viwe sahihi. Mimi Ardis, mkewe, nitajitahidi kwenye vipimo.

Marehemu Lyle Edvin Haugen alizaliwa tarehe 11 Machi 1948 katika shamba la ngano la wazazi wake nje ya Denton, Montana, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Edvin na Solveig Haugen. Mama yake alisimulia kwamba alichelewa kuzaliwa siku kumi na sita. Mimi sikushangaa niliposikia.

Alisoma hapo hapo Denton, akahitimu sekondari mwaka 1966. Kuanzia 1970 hadi alipostaafu mwaka 2010 aliendesha greda la barabara za kaunti. Barabara zake zilinyooka. Waliowahi kukwama nyuma ya greda hilo wakiwa na haraka wamo humu, nawaona.

Tulifunga ndoa takatifu tarehe 14 Juni 1975 mjini Lewistown, tukajaaliwa binti mmoja, Kirsten. Mama yangu alitupa zawadi ya meza ya mwaloni. Septemba 1986 Lyle alinunua mashine ya kujazia upya risasi za bunduki, akisema za dukani zinakwenda zinakotaka. Mashine ile ilihitaji meza isiyotikisika. Niliporudi kutoka kwaya nilikuta meza ya mama yangu imetobolewa matundu manne na mashine imefungwa juu yake kwa bolti.

"Ni wiki mbili tu, mke wangu," alisema.

Imekuwa miaka thelathini na saba. Mashine ina kalibu ya chuma inayolibana ganda la risasi lililokwisha kupigwa ili lirudie umbo lake, na ina nati ya kuizuia kalibu isisogee. Mwenye akili zake huipanga jioni moja. Lyle alikaza, akalijaribu ganda kwenye bunduki, akalegeza kiasi cha unywele, akajaribu tena, akaandika daftarini. Msimu wa kulungu ukafunguliwa, ukafungwa, yeye bado yuko mezani. Majira yale yote ya baridi tulikula kuku. Kirsten, wa miaka tisa, alipomuuliza tutakulia wapi, alijibiwa, "Magotini, mwanangu. Na usiegemee meza."

Nakiri kwamba mwaka uliofuata aliangusha kulungu kwa risasi moja, na karibu kila mwaka baada ya hapo. Lakini nati ile hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata kwa kitambaa cha vumbi. Alishika pia sheria ya wote wa kazi hii: risasi aliyojaza mtu mwingine huipigi, maana akikosea yeye, inapasukia shavuni pako wewe. Krismasi ya 1994 kaka yangu Duane alimletea boksi zima la risasi alizojaza mwenyewe. Lyle alishukuru, akala naye, kisha akazifungua zote moja moja mbele yake na kumwaga baruti kwenye bustani yangu ya maua. Duane alikaa miezi miwili bila kukanyaga kwetu. Mimi nilikuwa na kinyongo cha muda mrefu zaidi. Nilimzalia mtoto, nilimuuguza, nilimpikia, na bado hakuniamini na nati.

Mwaka 2017 madaktari waligundua ana ugonjwa wa Parkinson. Mikono iliyopima unywele ikashindwa kushika kikombe. Septemba 2020 alininyooshea spana.

"Kaza wewe."

"Mimi? Leo kumekucha vipi?"

"Ardis, usinichoshe. Robo mzunguko. Hiyo si robo. Rudi."

"Nimerudi."

"Umerudi sana. Keki unakata robo vizuri, hapa nini kinakushinda?"

Ilituchukua siku nne. Nilimwambia mara mbili kwamba nitamzika na mashine yake. Siku ya tano tulikuwa na risasi ishirini, akaniamuru niandike jina langu kwenye boksi.

Tulipofika kwenye uwanja wa shabaha nilimsihi azifungue kwanza azikague. Alinitazama kama nimemtukana.

"Nifungue za nini? Si umejaza wewe?"

Akaegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, akalaza shavu lake kwenye kitako. Mimi niliogopa, nikafumba macho. Alipiga tatu. Matundu mawili yaligusana, la tatu likaenda pembeni.

"Nati yako hiyo," alisema.

"Mkono wako huo."

Alicheka mpaka tukafika kwenye gari. Hakupiga bunduki tena.

Lyle alifariki nyumbani tarehe 9 Februari 2024, saa kumi na mbili asubuhi, mimi na Kirsten tukiwa kando yake. Juzi Duane alikuja na spana, kwa wema wake. "Dada, acha leo nikutolee balaa hili mezani," alisema. Maneno hayo nimeyasubiri miaka thelathini na saba. Nilimwambia aweke spana chini, na nati ile asiiguse, nimeikaza mwenyewe. Boksini zimebaki risasi kumi na saba. Kwa sheria ya Lyle hakuna mwingine wa kuzipiga ila mimi, na msimu unafunguliwa Oktoba.

Ameacha mjane, Ardis, binti, Kirsten, na mumewe Tobin, wajukuu wawili, dada mmoja, Inga, na shemeji, Duane, ambaye anasema amekwisha samehe.

Apumzike kwa amani. Na huko aliko, akiona meza ya mtu, aombe kwanza.