Mukwe Wangu Alikaa Mbele ya Meza

Ninyi vijana mutakaosoma haya, ninawasalimia katika Bwana, na ninamupatia Yeye sifa mbele ya neno lingine lolote. Munasema sisi bazee tunapenda kulilia kazi zetu za zamani. Mi silii. Ninashuhudia.

Ilikuwa mu ile miaka ya Zaire, tunakaa Dilala, mu nyumba ya kompani ya mugodi. Bwana yangu, Tata Ilunga, alisha kuacha kazi ya mugodi juu ya ugonjwa wa sukari. Kila asubui ilikuwa lazima achomwe sindano. Mi njo nilikuwa natumika. Nilifua mashuka ya hospitali ya kompani miaka mingi, mikono ikachubuka, ikapona, ikachubuka tena. Musifikiri ni mushahara ulitulisha. Kazi ilikuja na bitu yake: nyumba, posho ya unga, na sindano ya bwana yangu bila kulipa. Ukitoka ku kazi, byote binatoka pamoja na wewe.

Basi bei ya mukuba, ile shaba ya mugodi, ikaanguka. Shefu akatuita, sisi bamama bazee, akasema, «Bamama, sasa mutaenda kupumuzika.» Kupumuzika gani? Nilikuwa nimepita miaka makumi tano na tano. Nyumba tuiache mwisho wa mwezi. Na hospitali nayo, mwisho wa mwezi.

Ndugu zangu, hofu iliingia mu nyumba yetu ikakaa kama mutu wa jamaa. Bwana yangu akirudi ku sindano nilimuangalia miguu. Nilijiuliza, mwezi unaokuja hii miguu itakuwa namna gani? Yeye alikunywa chai yake bila sukari na kusema, «Mungu yuko.» Nilijibu, «Yuko.»

Nilitafuta. Kutengeneza mikate na kuuzisha ku soko, hiyo kila mama anaweza, lakini soko haina hospitali. Nilifika paka Fungurume, ku mugodi mwingine, kuomba kazi. Kijana mumoja wa kule aliniangalia kuanzia kichwa paka miguu, akasema, «Mama, tunatafuta batu ya kubeba, hapana batu ya kubebwa.» Benzake bakacheka. Nilimwambia, «Mama yako akusikie,» nikaenda zangu. Lakini mu njia nililia, sitawadanganya.

Kisha binti yangu Ngalula, aliyeolewa kule Nzilo ku barrage, ule ukuta wa maji ya umeme, akatuma neno: banatafuta mama wa kufua manguo ya nyumba ya bageni, na kazi iko na nyumba, iko na dispansari kwa jamaa yote. Nikapanda kamioni asubui.

Sasa musikilize vizuri, ninyi muliozaliwa mu miji. Kwetu Kasai, kule tulizaliwa, mama hamuangalii mukwe wake, bwana ya binti yake. Hakuna kumupa mukono, hakuna kula pamoja. Nikimuona Mutombo, bwana ya Ngalula, mu njia, mi ninaingia mu majani, yeye anapita upande mwingine. Akija kwetu, ninatoka kwa mulango wa nyuma. Paka siku atakapoleta mbuzi ya kuondoa haya, na Mutombo alikuwa hajaileta. Nilijua anatumika Nzilo, lakini ku mashini, hapana mu biro.

Nilisimama mu mustari na bamama bengine. Mulango ukafunguka, mutu akakaa mbele ya meza kuita majina. Alikuwa Mutombo. Mwenye ile kazi alikuwa mugonjwa, bakamuweka yeye.

Nilivuta kitambaa juu ya uso, nikatoka mu mustari mbio. Yeye naye akageukia ukuta. Mama mumoja akasema, «Huyu ameona nyoka?» Mwingine, mutu wa kwetu, akamujibu, «Nyamaza. Ni mukwe wake.»

Nilifika pale makamioni banasimama. Kamioni ilikuwa tayari kuondoka, dereva ananiita, «Mama, panda.» Ndugu zangu, nilishika ile chuma ya kupandia na mukono haukutaka kunivuta. Niliona miguu ya bwana yangu. Nikasema, «Bwana Yesu, kama nikipanda hapa, heshima yangu itabaki muzima na bwana yangu atakufa. Unisaidie, mi nimeshindwa.» Sikusikia sauti yoyote. Lakini mukono uliacha ile chuma. Dereva akasema, «Unapanda ao haupandi?» Nikamujibu, «Sipandi.»

Nilirudi. Nilisimama mbele ya meza, nikaondoa kitambaa mu uso, nikasema jina langu. Mutombo aliangalia chini, jasho inamutoka.

«Mama,» alisema polepole, «namna gani nitakutuma kazi?»

«Mi sikuja kwa mukwe. Nimekuja kwa sitwayeni wa biro. Andika.» Mu ile miaka kila mutu aliitwa sitwayeni, maana yake raia.

Aliandika. Lakini hakunichagua yeye. Aliita mukubwa wake, juu batu basiseme amemubeba mama ya bibi yake. Ule mukubwa akaniuliza miaka yangu. Nikamwambia kweli. «Utatumika paka lini?» «Paka mutakaponichoka.» Akatikisa kichwa, akanipa mashuka nifue paka mangaribi. Nilifua na hofu yangu yote. Jua likishuka akapita, akashika shuka moja, akasema, «Mama, kazi ni yako. Ulete bwana yako.»

Mungu ni mwema! Tuliingia Nzilo mbele ya mwezi kuisha, na sindano haikukosa.

Sisemi desturi ya bababu zetu ni mbaya. Ni heshima. Lakini heshima isizibe mulango Mungu anaofungua. Wewe uliyefukuzwa ku kazi, wewe unayeambiwa umezeeka, mutegemee Yeye, na urudi mu mustari.

Siku ya posho ya kwanza Mutombo alikuja na mbuzi. Batu ya nyumba, namna balizoea, bakaanza kunifungulia mulango wa nyuma. Nikabaambia, «Mufunge ule mulango. Mumupe mukwe kiti karibu na Tata. Na mi muniletee kiti yangu, nikae mbele yake. Tutakula hapa.»