Manyoya ya Waziri

Benchi letu ni ubao wa lori uliolazwa juu ya rimu mbili, mbele ya duka lililofungwa, hapo Malaba ambapo foleni ya malori ya kwenda Uganda hukwama mpaka madereva wanafua nguo na kuzianika kwenye vioo. Mimi huitwa Satelaiti, na jina hilo sikujipa. Shule niliiacha darasa la saba, lakini hakuna swali lililowahi kupita mbele ya benchi hilo bila mimi kulishika mkia. Kushoto kwangu hukaa Geoffrey, tunamwita Kontena, maana kwake kila kitu duniani ni magendo, hata mvua. Kulia ni Barnabas, tunamwita Askofu; ana methali kwa kila shida, na huzipachika kama kiraka cha gunia kwenye suti. Mwisho wa ubao ni Ojakol, mpakiaji mizigo kutoka Moding, mtu wa kubeba magunia mawili ya mahindi na bado akasimama kukusalimu. Kahawa ni ya Oyugi, ya tangawizi, na birika lake hukaa kwenye jiko hapo hapo miguuni petu. Alasiri hiyo ya Januari tulikuwa tunamngoja mbwa.

Kontena: Wiki ya tano hii. Kwani ni likizo gani ya Mombasa inaenda wiki tano?

Askofu: Haraka haraka haina baraka.

Kontena: Askofu, hapo nani ana haraka? Hao wamekawia!

Aliyezungumziwa ni Callistus, ajenti wa kupitisha mizigo hapa mpakani. Mwanzoni mwa Desemba, shule zikiwa zimefungwa, aliwapakia mkewe Brendah, watoto wawili na mbwa wao wawili, Waziri na Malkia, akasema wanaenda kuona bahari. Watu walitoka nje kutazama. Kuna wazee Moding wamezeeka bila kuijua harufu ya chumvi ya bahari, na hapa mbwa anatandikiwa shuka kiti cha nyuma! Aliyewapandisha mbwa garini alikuwa Ojakol. Malkia alipanda mwenyewe kama bibi harusi. Waziri aligoma. Macho mekundu, mate yananing'inia, na Ojakol alipomkumbatia ili amwinue, akamng'ata kiganja cha kulia, jino likazama. Ojakol alificha mkono nyuma, akafunga mlango, akawapungia kwa ule mwingine. Safari ya watu haicheleweshwi kwa jino la mbwa.

Kutoka hapo alikuja moja kwa moja kwenye benchi, damu inadondoka, na mimi ndiye niliyetoa tiba. Bibi yangu wa Butula aliwatibu hivyo watu ishirini, labda thelathini. Unachukua manyoya ya mkia wa mbwa yule yule aliyekuuma, akiwa hai, unayachoma, jivu unalisugua kwenye jeraha. Tatizo lilikuwa moja tu: ule mkia ulikuwa tayari barabarani, unaelekea kilomita zaidi ya mia tisa kutoka kwetu.

Oyugi: Na mimi siku ile ile nilisema. Aoshe na sabuni, aende hospitali adungwe. Je, kama hiyo mbwa ina kichaa?

Mimi: Oyugi, wewe chemsha kahawa.

Oyugi: Nachemsha. Lakini nilisema.

Askofu: Dawa ya moto ni moto. Na subira huvuta heri.

Oyugi: Subira ya mkia?

Ojakol alicheka. Kawaida kicheko chake kilikuwa kinawashtua ng'ombe kwenye lori. Siku hiyo kilitoka nusu, kikakwama.

Ojakol: Wacheni jamani. Kidonda ilifunga zamani. Ni kuwasha tu. Inawasha kwa ndani, kama siafu wanatembea mfupani, mpaka hapa begani.

Mimi: Hiyo ni sumu inasikia dawa iko karibu. Inakimbia.

Ojakol: Kweli, Satelaiti?

Mimi: Mimi nimewahi kukudanganya?

Akatikisa kichwa. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti, akakifungua taratibu. Makasi. Ameyaazima kwa fundi wa nguo, na amejipanga: gari likifika tu, mimi nashika mbwa, yeye anakata.

Ojakol: Nikate kiasi gani?

Mimi: Ngumi moja. Ukikata kidogo haishiki.

Kontena alikuwa na simu yake, anapekua zile picha ambazo Brendah alikuwa anaweka kwenye WhatsApp. Alikuwa amezihifadhi zote. Anasema ni ushahidi.

Kontena: Tazama. Hii ya siku ya pili. Malkia yuko ndani ya maji, ulimi nje. Waziri yuko wapi? Huyu hapa, chini ya kiti, mkia tumboni. Ameona bahari na amejificha.

Askofu: Mbwa hafi maji akiona ufuko.

Kontena: Huyu aliona ufuko na akakataa maji! Sasa hii ya wiki ya pili. Malkia peke yake. Krismasi, Malkia peke yake. Mwaka mpya, Malkia na kofia. Waziri hakuna. Mnajua maana yake?

Oyugi: Sema wewe.

Kontena: Dhahabu. Mnafikiri Callistus alipeleka mbwa kuogelea? Huyu ni mtu wa kupitisha mizigo! Dhahabu imetoka Kongo, imevuka hapa usiku, Waziri amemezeshwa kwenye nyama. Polisi wa barabarani atakagua buti, atakagua dashibodi, lakini tumbo la mbwa nani atakagua? Ndiyo maana alikuwa na mate. Dhahabu ni nzito!

Askofu: Hapana. Huyo ameuzwa hoteli. Watalii wanapenda mbwa mwenye jina la cheo. Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia.

Mimi: Nyinyi hamjui pwani. Mimi Mombasa nimefika mara nne.

Ojakol: Juzi ulisema mbili.

Mimi: Mbili kwa gari, mbili kwa treni. Sikilizeni. Kule kuna wanawake wanatoka baharini, wamevaa buibui, miguu ni kwato. Hao wakipenda kitu hawanunui, wanaita tu kwa jina. Sasa fikiria umesimama ufukoni unaita, Waziri! Waziri! Wewe unaita mbwa, lakini aliye majini anasikia kuna waziri amekuja. Anajua ni mtu mkubwa. Anamchukua. Waziri saa hii yuko chini ya bahari, ana nyumba, ana walinzi, anakula nyama kwa uma. Na Callistus hawezi kurudi mpaka arudishiwe mbwa wake. Wiki tano anajadiliana!

Kontena alijipiga goti kwa kicheko. Askofu akasema tamaa mbele, mauti nyuma, bila kutuambia ni tamaa ya nani. Hapo lori la saruji likapita karibu sana, upepo wake ukatupiga usoni kama shuka lililolowa. Sisi tulifumba macho tu. Ojakol aliruka. Alikinga uso kwa mikono yote miwili, shingo ikavutwa nyuma, mdomo ukafunguka kama samaki aliyetolewa mto Nzoia.

Kontena: We! Mtu wa malori leo anaogopa lori?

Ojakol: Ni upepo. Upepo inaniuma.

Kontena: Upepo inauma vipi?

Ojakol: Sijui. Sijalala siku tatu. Mke wangu Amoding anasema nazungumza na ukuta.

Oyugi: Na hunywi. Hiki ni kikombe cha pili kimepoa hapo. Cha kwanza nilimwaga.

Ojakol: Koo imefunga, boss. Ni homa tu.

Askofu: Mwacheni, anafunga. Mwaka mpya ni wa kufunga. Mimi mwenyewe nilitaka kuanza.

Oyugi hakucheka. Alichutama mbele ya Ojakol, akamtazama macho, kisha akanigeukia.

Oyugi: Satelaiti, Brendah si alikupigia simu?

Mimi: Alinipigia, ndiyo. Desemba. Wiki moja baada ya kuondoka.

Oyugi: Alisema nini?

Sasa hili nililieleza kwa fahari, maana si kila mtu hapa anapigiwa simu kutoka pwani. Brendah aliniuliza, Mzee, Waziri hakuuma mtu hapo kabla tuondoke? Nami ni mtu wa kufikiri haraka. Nilijua nikisema ndiyo, Callistus atamuua mbwa huko huko, kama watu wanavyoua mbwa mkali, na mkia utazikwa Mombasa na dawa yake. Ojakol atapona na nini? Kwa hivyo nilimjibu, Mama, hakuuma hata kuku. Akataka kuongeza kitu, sauti yake kama ya mtu mwenye mafua. Nikamkatiza. Nikamwambia, furahia bahari, mama, huku tuko salama wote. Nikakata.

Kontena: Hapo ulicheza.

Askofu: Akili ni mali.

Oyugi: Alitaka kuongeza nini?

Mimi: Nitajuaje? Salamu.

Oyugi: Hukumpigia tena?

Mimi: Oyugi, kahawa inachemka inamwagika.

Na ilikuwa kweli inamwagika, inazima makaa. Lakini Oyugi hakuigeukia, maana gari la Callistus lilikuwa limetokea, jeupe lililogeuka jekundu kwa vumbi, linajipenyeza kando ya foleni. Kichwa cha Malkia kilikuwa nje ya dirisha la nyuma, ulimi unapepea. Dirisha la pili lilikuwa limefungwa.

Ojakol alisimama. Aliyumba, akashika ukuta, makasi mkononi. Nikasimama naye. Nilikuwa nimekunja hata mikono ya shati.

Gari halikupita kwenda nyumbani. Lilisimama mbele ya benchi, Brendah akashuka. Mwanamke huyu huwa anatusalimu akiwa mbali, kwa adabu, na kupita. Benchi letu halikaliwi na akina mama. Siku hiyo alikuja mpaka akasimama kwenye moshi wa jiko.

Askofu: Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Ojakol: Karibuni, mama. Poleni na safari. Waziri yuko nyuma?

Brendah: Waziri alikufa, baba.

Ojakol: Alikufa?

Brendah: Siku ya saba. Alianza kuuma ukuta. Kuuma matairi. Sauti ikapotea, mate yakawa povu. Daktari wa mifugo wa kule akasema ni kichaa. Tukadungwa sisi wote, mpaka huyu mdogo. Ndiyo maana tumekaa hivi. Sindano ni nyingi, na daktari alitaka tumalizie hapo hapo.

Kontena alishusha simu yake. Nikakumbuka, sijui kwa nini hapo ndipo nikakumbuka, kwamba mwezi wa kumi mbwa mmoja asiye na mwenyewe aliingia kwa Callistus kutoka upande wa mpaka, wakapigana na Waziri, na mimi ndiye niliyesimulia pambano hilo hapa benchini kwa siku mbili, nikiigiza sauti za wote wawili.

Brendah: Hiyo makasi ni ya nini?

Ojakol akahamisha makasi mkono wa kushoto, akafungua kiganja cha kulia, akakionyesha kama mtoto anayekaguliwa kucha. Lilikuwa kovu dogo tu. Lingeweza kuwa la msumari.

Brendah: Lini?

Ojakol: Ile siku. Nikimpandisha.

Brendah alitazama kiganja. Akatazama kikombe kilichojaa kwenye ubao, kahawa imefanya utando juu. Akakichukua, akampa kwa mikono miwili, vile mtu anavyompa mkwe wake.

Brendah: Kunywa kidogo, baba. Tone moja tu, nione.

Ojakol: Nitakunywa, mama. Niko na kiu hata.

Na alitaka. Sisi wote tuliona alivyotaka. Alikipokea, akakiinua. Kikombe hakikufika. Kilipokaribia mdomo, shingo ilijikaza yenyewe, kichwa kikageuka kando kama kuna mtu anakivuta kwa kamba, na sauti ikatoka kooni ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu. Kahawa ilimwagika shatini mpaka magotini. Akaangalia yale maji yanavyotiririka, akarudi nyuma mpaka ukutani. Alirudi hivyo akiogopa kikombe cha kahawa, mtu yule wa magunia mawili.

Ojakol: Samahani, mama. Sijui hii ni nini. Satelaiti, hii ni nini?

Oyugi: Callistus! Usizime gari! Toa hiyo mbwa, tumpeleke Ojakol hospitali!

Milango ilifunguka, watoto walishushwa, Malkia akavutwa kwa mnyororo. Oyugi alimshika Ojakol kiuno, akamtembeza kama anavyotembezwa mzee. Alipofika kwenye kiti cha nyuma Ojakol aligeuka akanipa makasi, akasema nimrudishie fundi, maana fundi alisema anayahitaji kabla ya jioni. Kisha akakaa pale pale palipokuwa pa Waziri, kwenye shuka.

Brendah hakuingia mara moja. Alibaki amesimama mbele yangu. Hakupaza sauti. Wala hakuniita Satelaiti; aliniita kwa jina la mtoto wangu.

Brendah: Baba Amondi. Mimi si nilikuuliza?

Malori yaliwasha injini, foleni ikasogea hatua mbili, ikakwama tena. Nikafungua mdomo. Kontena akanigeukia, Askofu akanigeukia, na mle garini, nyuma ya kioo, Ojakol naye akanigeukia, kama walivyozoea siku zote, wakingoja niseme.