Mama Kioo na Jino Lililohama Upande

Ndugu, jamaa na ninyi nyote mliotushika mkono tangu juzi, mimi ni mdogo wake marehemu, nimekabidhiwa kusoma maisha yake, na wanawe wameniasa nisitie chumvi.

Dada yetu, tabibu wa meno mliyezoea kumwita Mama Kioo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika chumba cha nyuma cha nyumba za reli, mtoto wa tatu kati ya sita wa karani wa tiketi na mshona nguo, ingawa cheti kinasema 1959, na alipokwenda kukisahihisha aliambiwa alete kwanza uthibitisho kwamba amezaliwa. Alianza shule ya msingi mwaka 1965, sekondari 1972, chuo cha tabibu wa meno 1977, akahitimu Novemba 1980, na Januari iliyofuata akapangiwa hospitali ya serikali, chumba namba nne, chenye kiti kimoja cha mgonjwa na dirisha lisilofunga, akadumu humo miaka thelathini na saba.

Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na fundi saa wa mtaa wa pili, ambaye alikuja kung'olewa gego akaondoka hana gego wala moyo, wakajaliwa mabinti wawili na kitinda mimba wa kiume.

Juni 2006, akiwa na miaka arobaini na minane, alihudhuria mafunzo ya wiki mbili ya kupiga picha za meno, ili mgonjwa aone kwa macho yake kilichomo kinywani mwake, na kibali cha kuhudhuria kilimfikia wiki tatu baada ya kurudi. Shemeji alimfufulia kamera iliyokuwa imelala stoo ya hospitali, naye akaanza kuingiza kioo kidogo kinywani mwa watu na kupiga picha ya kinachoonekana kiooni, lakini pumzi ikatia ukungu, picha kumi na mbili zikatoka mawingu matupu, shemeji akazitazama moja moja, akasema, "Mke wangu, hii ni hali ya hewa." Hakukata tamaa, alijifunza kukichovya kioo katika maji ya moto, na kila jioni kitinda mimba alikaa kwenye kiti cha jikoni, midomo imevutwa kwa vishikio vya plastiki, akiambiwa, "Pumua kwa pua, baba," hadi siku alipofunguliwa akauliza, "Mama, mimi ni mwanao au ni pango?"

Mwaka 2008 kazi yake nusura imponyoke. Dereva mmoja wa lori alipewa nakala ya picha yake, akaona gego bovu liko kushoto, ilhali pengo la jino alilong'olewa liko kulia, akashtaki, na tarehe 11 Septemba dada aliitwa mbele ya kamati, leseni yake ikiwa mezani. Alipoiona ile picha alilijua kosa palepale, kwamba kioo hugeuza kulia kuwa kushoto, naye alisahau kuigeuza picha kabla ya kuitia jaladani, lakini mwenyekiti akamkata kauli, "Picha haisemi uongo, mama." Basi alimwomba mwenyekiti, mwenye jino la dhahabu kushoto, apanue kinywa, akachovya kioo katika maji ya moto ya chai ya kamati, akapiga kwa kamera aliyokuja nayo, akamwonyesha picha kwenye skrini yake.

"Jino langu limehamia kulia lini?"

"Halijahama, mzee, ni kioo, na kosa langu ni kutogeuza picha, lakini jino la huyu bwana nililotoa ndilo."

Hapo ndipo walipomfungua dereva kinywa, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya, kwa kuwa kinywa hakikuwa miongoni mwa viambatanisho, wakalikuta gego la kushoto zima kama kokoto. Barua ya kumsafisha ilifika Februari 2009, picha yake ya pasipoti imebandikwa kichwa chini.

Tangu siku hiyo kamera yake ilikuwa na karatasi iliyoandikwa GEUZA, na matabibu arobaini na mmoja walifundishwa chini ya neno hilo, kila mmoja akianza kwa kusimuliwa na dada kosa la dada mwenyewe, bila kupunguza kitu.

Alistaafu Machi 2018, akaanza kuugua moyo Oktoba 2022, na akatutoka tarehe 9 Mei 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Aliyepiga picha za wote hakuwa na picha yake ya kuweka hapa mbele yenu, ila moja aliyojipiga kwenye kioo cha chumba namba nne akijaribu mwanga, na ilipochapishwa jana shemeji aliitazama muda mrefu, akasema, "Huyu siye, kipaku chake cha shavuni kimevuka barabara." Tumeigeuza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani, wenzake wa kliniki, na dereva wa lori, aliyeomba radhi zamani na leo ndiye aliyeendesha gari lililomleta hapa.

Dada, kipaku kiko kushoto, mahali pake. Pumzika nawe kwa amani.