Rambirambi za Mtu Aliye Hai

MWANDISHI: Haloo? Nani mwenzangu?

KAKA: Nani mwenzako? Yaani namba yangu umeifuta?

MWANDISHI: Simu ilitumbukia kwenye ndoo, majina yote yakaenda na maji. Ni kaka? Shikamoo.

KAKA: Marahaba. Sikiliza, dakika zangu ni chache. Mama amekufa lini?

MWANDISHI: Unasemaje?

KAKA: Nakuuliza wewe. Mimi naishi naye nyumba moja, nampelekea chai kila asubuhi, na sina habari. Wewe uliye mbali ndiye unayejua.

MWANDISHI: Kaka, ngoja —

KAKA: Nina mteja kwenye kiti hapa dukani. Nimemnyoa upande mmoja, wa pili bado. Ananitazama kwenye kioo, machozi yanamlengalenga. "Kinyozi, pole sana, nimesoma jana sikulala." Nikadhani amenifananisha. Mara wanaingia akina mama watano, vichwa chini, wanapita katikati ya duka kwenda uani. Wakagonga. Unajua nani aliwafungulia?

MWANDISHI: Usiniambie ni mama.

KAKA: Mama mwenyewe, na beseni la nguo mkononi. Mmoja aliishiwa nguvu akakaa palepale sakafuni. Mama anawauliza, "Jamani, kafa nani?" Wakawa wanatazamana. Nani amwambie kuwa ni yeye?

MWANDISHI: [anacheka kidogo] Lakini yuko salama?

KAKA: Mzima. Amesema nikikupata nikwambie marehemu anakusalimia.

MWANDISHI: Alisema hivyo?

KAKA: Huku anacheka. Halafu akaingia chumbani kwake, na mpaka sasa hajatoka.

MWANDISHI: Ile ni hadithi tu, kaka. Si unajua naandika? Kila Ijumaa naweka moja kwenye ukurasa wangu —

KAKA: Hadithi gani ina redio ya mama iliyofungwa waya? Ina kovu lake la kidevuni? Jirani yetu anakusoma kila wiki, ndiye aliyewakusanya wenzake. Ameniletea simu yake nisome. Zile nyingine zote umeandika juu kabisa, "Hadithi". Hii hukuandika. Ulisahau?

MWANDISHI: Mtandao unakwaruza, sikusikii vizuri.

KAKA: Unanisikia. Ulisahau?

MWANDISHI: Sikusahau.

KAKA: Ala.

MWANDISHI: Niliandika hilo neno, nikalifuta. Nikalirudisha, nikalifuta tena. Halafu nikabonyeza.

KAKA: Umzike mama angali anapumua? Kwa sababu gani?

MWANDISHI: Nilitaka kuona nani atakuja.

KAKA: Wakaja?

MWANDISHI: Mia tatu na kitu. Fundi Saa, Mama Pacha, Mwalimu wa Hesabu. Ndiyo majina wanayotumia kule, ya nyumbani kwao siyajui. Nesi wa Zamu aliandika mara nne kwa siku moja.

KAKA: Watu usiowajua.

MWANDISHI: Nawajua. Najua Fundi Saa jino linamsumbua na anaogopa kuling'oa. Najua pacha mmoja kagoma kwenda shule. Na wao wananijua mimi. Nikichelewa saa moja tu, wanauliza, "Mwandishi, kulikoni, umekula?" Wewe mara ya mwisho kuniuliza kama nimekula ilikuwa lini?

KAKA: Usinigeuzie kibao. Hapa dukani napumua kwa zamu —

MWANDISHI: Sikulaumu, nakueleza. Asubuhi mpaka jioni nasahihisha vitabu vya shule ambavyo mtu mwingine ameviandika. Peke yangu, chumbani, juu ya duka la magodoro. Kuna siku neno pekee ninalotamka ni "asante" kwa muuza maji. Basi, siku imekwisha. Nilipolazwa —

KAKA: Ulilazwa?

MWANDISHI: Siku nne. Kidole tumbo. Walinipasua.

KAKA: Lini?

MWANDISHI: Wakati wa zile mvua kubwa.

KAKA: Na hukusema kitu?

MWANDISHI: Nilikupigia. Ukasema una mteja, utanipigia.

KAKA: [kimya]

MWANDISHI: Haloo? Imekatika?

KAKA: Nipo.

MWANDISHI: Ijumaa ile sikuweka kitu, wakauliza, nikawaambia niko wodini. Fundi Saa akajirekodi ananisomea hadithi yangu mwenyewe. Sauti nzito, hajali nukta, anasoma kama tangazo la stendi. Nikaiweka sikioni nikalala. Sasa usije ukaniambia siwajui.

KAKA: Pole, mdogo wangu.

MWANDISHI: Kidonda kimeshafunga.

KAKA: Najua kimefunga. Nasema pole.

MWANDISHI: Asante.

KAKA: Lakini na wewe nielewe. Sikukatazi kuandika. Jioni watakuja wengine hapa, na mama ndiye anayefungua mlango. Mtu mzima, miaka sabini na tatu, anasikia amekufa, na aliyemtangaza ni mwanawe wa kumzaa. Anacheka mbele ya watu, chumbani sijui anafanya nini. Waambie ukweli hao watu wako.

MWANDISHI: Nikiwaambia wataondoka.

KAKA: Labda.

MWANDISHI: Hakuna labda. Walilia, kaka. Mtu ukimliza bure harudi tena. Wakishaondoka nabaki na nani? Hebu niambie.

KAKA: Huyu mteja anauliza kama namalizia upande wa pili.

MWANDISHI: Mmalizie. Nitaandika baadaye.

KAKA: Baadaye yako naijua. Kompyuta iko wapi?

MWANDISHI: Iko wazi hapa mbele yangu.

KAKA: Andika sasa hivi. Mimi sikati simu.

MWANDISHI: Na dakika zako?

KAKA: Ziishe. Andika.

MWANDISHI: [anasoma polepole, akiandika] "Ndugu zangu. Mama yangu yu hai... anafua nguo. Ile ya Ijumaa ilikuwa hadithi. Hilo neno nililiondoa makusudi... kwa sababu nilikuwa mpweke. Nisameheni."

KAKA: Inatosha. Bonyeza.

MWANDISHI: Naogopa.

KAKA: Bonyeza, nipo.

MWANDISHI: Imekwenda. Huo mlio ni wa nini?

KAKA: Ni simu yangu inalia njaa ya dakika, achana nayo. Wanasemaje?

MWANDISHI: Bado. Ngoja. Mama Pacha huyu hapa. "Nilifunga duka nikakulilia. Mungu akusamehe." Ameondoka.

KAKA: Ameondoka wapi?

MWANDISHI: Kwenye ukurasa. Na Mwalimu wa Hesabu, bila hata neno. Na mwingine. Si nilikwambia? Si nilikwambia, kaka? Nafunga hii kompyuta.

KAKA: Usifunge. Huyo wa jino?

MWANDISHI: Hayupo hewani. Yuko kazini saa hizi.

KAKA: Basi mngoje. Na yule nesi?

MWANDISHI: Yupo. Anaandika, naona vidoti vyake.

KAKA: Vidoti gani tena?

MWANDISHI: Mtu akiwa anaandika vinachezacheza pale chini. Ameacha. Anaandika tena. Ameacha.

KAKA: Naye aseme basi, ananitia homa bure.

MWANDISHI: [anaanza kulia]

KAKA: Haloo? Amesema?

MWANDISHI: Amesema.

KAKA: Nini? Mbona unalia? Amekutukana?

MWANDISHI: Hapana. Anasema, "Namshukuru Mungu mama ni mzima. Na wewe hapo ulipo, uko na nani?" Umesikia?

KAKA: Nimesikia.

MWANDISHI: Nimjibu nini?

KAKA: Mwambie... Ngoja, nitoke nje. Mteja, sogeza mguu nipite, samahani. Haya. Mwambie hivi —

MWANDISHI: Unakwaruza, kaka. Sema kwa sauti.

KAKA: Nasema, mwambie una —

[Simu inakatika.]

MWANDISHI: Nina nani? Haloo? Kaka, sema, anangoja.