Taa za Pedi ya Kidole

Ilikuwa Jumatano, saa kumi na robo alasiri, Kidole alipoiweka pedi yake ya gemu juu ya meza ya dada yake na kusema amefungwa tena. Dada mtu alikuwa fundi simu. Kibanda chake na kijiwe vilitenganishwa na bati moja tu, hivyo aibu ya humu ilifika kule kabla haijaisha kusemwa. Tangu amfungie mdogo wake taa za rangi ndani ya ile pedi, kijana aliyekuwa hashikiki alifungwa na kila anayejua kushika kijiko. Na kesho yake saa nne asubuhi ndiyo ilikuwa fainali. Mwenye chumba cha gemu alishaapa kwamba atakayeshinda ndiye atakayeajiriwa kukisimamia. Kidole hakuwa amepata kazi tangu amalize shule. Fundi aliifungua pedi, akapima kila waya, akakagua kila lehemu. Hakuona kosa lolote, na hilo ndilo lililomtia hofu.

Kwenye benchi la kijiwe, upande wa pili wa bati, kahawa ilikuwa imeshamiminwa. Taa zenyewe zilikuwa wazo la benchi hilohilo. Kinyozi alitaka nyekundu. Gia, dereva wa lori, akadai kijani. Na Waziri, ambaye hakuna serikali iliyopata kumteua, akasema bila bluu heshima haipo. Fundi, asiyependa kuwaudhi wakubwa, alizifunga zote tatu.

— Umeme unaishia kwenye taa, vidole vinabaki na njaa, alianza Kinyozi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwanga unavuja pale.

— Umeme nimeupima, mjomba. Unatosha na unabaki.

— Kupima siyo kuona, mwanangu, akasema Gia. Lori langu nililifunga taa za kijani kwenye bampa, likagoma kupanda mlima. Nilipozitoa, likapanda.

— Ulikuwa umeshashusha na mzigo, Kinyozi alimkumbusha.

— Mzigo haukuhusika.

Waziri alitua kikombe, kama afanyavyo kila anapotaka kuzindua jambo. Kwa maelezo yake, yaliyomaliza birika zima, televisheni ni kifaa chenye wivu: ikiona kingine kinawaka mbele yake, inachelewesha picha makusudi. Dawa ni kuongeza taa, pedi iishinde televisheni kwa mwanga, ndipo itashika adabu. Haba na haba hujaza kibaba.

Fundi alishtuka kujikuta ameshafungua droo kutafuta taa zaidi.

Wakati huo alifika mama mmoja kuchukua simu yake iliyobadilishwa kioo. Alisimama akisikiliza, mkoba kwapani, mpaka uvumilivu ukamwishia.

— Samahanini, wazee wangu. Huyu kijana akicheza, anatazama wapi?

Kinyozi alimtazama Gia, Gia akamtazama Waziri, Waziri akatazama ndani ya kikombe, akasema swali hilo halikuwemo kwenye ajenda. Mechi zote walikuwepo, tena mstari wa mbele, na kila mtu macho yake yalikuwa kwenye rangi yake. Hata Fundi alikuwa amezikodolea lehemu zake, akiomba zisiachie.

— Kidole, alimuuliza mdogo wake polepole, ulikuwa unatazama wapi?

Kidole aliinamisha kichwa.

— Dada, si unajua zinavyopendeza.

Asubuhi yake, kabla benchi halijapata joto la mtu, Fundi alizing'oa taa zote, akaifunga pedi ikiwa nyeusi tii kama ilivyotoka dukani. Kisha akachukua betri ya simu kuukuu, akapiga magoti, akazifunga taa chini ya benchi: nyekundu anapokaa Kinyozi, kijani kwa Gia, na bluu, tena mbili kwa ajili ya heshima, kwa Waziri.

— Mtaka cha uvunguni sharti ainame, alisema Waziri alipofika na kuziona, akainama, na wenzake wakainama naye. Kwa mara ya kwanza pale kijiweni methali ilikuwa imekaa mahali pake. Fundi alimshika mdogo wake mkono, wakaondoka kwenda kwenye fainali kabla hata mmoja wao hajainua kichwa.