Mama Flaviana Moraa Anaaga Majitaka ya Cotter Bay

Ijumaa, tarehe 29 Agosti 2025, Mama Flaviana Moraa anastaafu baada ya kusafisha majitaka ya Cotter Bay kwa miaka ishirini na mitatu. Mji huu mdogo uko kando ya ghuba, kusini mwa Houston, na wakazi wengi hawajui kituo chetu cha kusafisha majitaka kiko wapi. Yeye husema hiyo ndiyo dalili kwamba kazi inakwenda vizuri.

Alitoka Keroka, Kenya, kumfuata mumewe, Otieno, muuguzi katika hospitali moja ya Houston. Majirani wa Pearland, walikokuwa wakiishi, walitarajia naye asomee uuguzi. Alijaribu muhula mmoja, akaona hawezi, akaomba kazi ya kuosha vyombo vya maabara kituoni kwetu. Miaka tisa baadaye alikuwa na leseni zote nne za fani hii, nyingi akizisomea ndani ya gari wakati wa chakula cha mchana.

Kanisani walidhani anauza maji ya chupa. Hakuwasahihisha mpaka siku ya harusi ya binti yake, aliposhika kipaza sauti, akawashukuru wageni, kisha akawasihi wasitupe chooni vitambaa vya kufutia watoto kwa sababu vinaziba pampu. Mkwewe anataniwa mpaka leo.

Mei 2016 mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Maji yaliingia kwenye mabomba yaliyopasuka, pampu kubwa ikafa, na majitaka yakafurika hadi kwenye ghuba. Msimamizi wa wakati ule alimwomba aandike kwenye ripoti kwamba yaliyomwagika ni maji ya mvua tu. Alikataa. "Mimi ndiye niliyekuwa zamuni," alimwambia, "na nilichokipima si mvua." Akaandika alichopima, akatia sahihi.

Kwa sababu ya ripoti hiyo, serikali ya jimbo ilifunga uvuvi wa chaza kwa wiki saba. Mji mzima unaishi kwa chaza. Watu walioacha kumsalimia walikuwa wengi kuliko waliompinga waziwazi, na hilo ndilo lililomuumiza. Mgahawani alikaa na hakuna aliyekuja kumhudumia. Otieno alimwambia aache kazi. Alikubali, akaandika barua, kisha hakuipeleka, maana pampu ya pili nayo ilianza kutoa mlio mbaya na hapakuwa na mwingine wa kuishughulikia.

Karibu mwaka mmoja baadaye, mzee Émile, mwenye mashua mbili za chaza, alikuja getini na kuomba aonyeshwe kilichotokea. Mama Flaviana alimtembeza tangi kwa tangi, akamwonyesha vipimo vya siku ile. Mzee alivisoma, akauliza kama chaza wale wangewaletea watu ugonjwa. Alijibiwa kwamba wangewaua wazee na watoto. Hakuomba radhi. Lakini katika mkutano wa baraza la mji alisimama mbele ya wavuvi wenzake akadai mabomba mapya. Kazi hiyo ilichukua miaka mitano. Tangu ikamilike, hakuna tone lililofurika.

Mimi nilifika 2019, nikitokea ghala moja la Fort Worth, na kabla ya hapo Uvira. Sikujua kitu. Alinifundisha kwa Kiswahili mambo ambayo vitabu vya Kiingereza vilinishinda, na nilipokosea alirudia tena, polepole, hata siku ambazo magoti yake yalimfanya ashuke ngazi akipumzika kila hatua ya tatu.

Nilipomweleza kwamba naandika wasifu huu, alivua glavu, akakaa juu ya ndoo. "Nimechoka, Aimable," alisema. "Usiandike kwamba nilifurahi kila siku. Andika kwamba nilikuja."

Basi nimeandika. Alikuja, kwenye joto la Agosti na siku za vimbunga, hata mwaka ule ambao hakuna aliyetaka kumwona.

Mama Flaviana, kwa niaba ya wenzako wote wa kituo, asante. Mungu akupe miaka mirefu ya utulivu pamoja na Otieno na wajukuu. Lala mpaka jua liingie dirishani, na simu ya kituo ikilia, iache ilie. Sasa ni yetu.

Aimable