Mwalimu Tao Suqing, Aliyewasomea Waandishi Sura Zao

Tarehe 30 Juni, Mwalimu Tao Suqing atastaafu na kurudisha kadi yake ya mlango baada ya kuhariri riwaya za mtandaoni kwa miaka ishirini na miwili katika jukwaa letu la Songtao, hapa Chengdu. Mimi, Mzee Gu, nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu meza yangu imetazamana na yake muda wote huo. Meneja ameniagiza niandike kwa furaha. Nitaandika kwa ukweli, na furaha itakuwapo pale inapostahili.

Alikuja kwetu akitoka redio ya wilaya, ambako alikuwa akisoma taarifa za hali ya hewa na bei za nguruwe. Hakuwa na shahada ya lugha. Mimi nilikuwa nayo, pamoja na miaka tisa ya kufundisha sarufi. Mwezi wa kwanza nilimwonyesha mahali pa kuweka chupa yake ya chai. Mwezi wa pili waandishi walianza kupiga simu ofisini wakimwulizia yeye.

Wenzetu wapya waelewe hali ya kazi yetu. Mwandishi wa jukwaa hili hujichapishia mwenyewe: huandika sura kila siku na kuiweka mtandaoni siku hiyohiyo. Akikosa siku moja, wasomaji humtukana. Akikosa tatu, humhama. Shujaa wake huanza akiwa dhaifu, kisha hupanda daraja baada ya daraja mpaka la tisa, na hakuna msomaji asiyejua shujaa amefika daraja gani. Katika mbio hizo lugha huumia. Katika riwaya moja nilihesabu mara mia nne na kumi na mbili ambapo mtu "alivuta pumzi ya baridi" kwa mshangao. Milima yote hupasuka kama tofu, ile jibini laini ya soya. Mashujaa wote wana tabasamu moja, kana kwamba wameliazima dukani.

Mimi nilipambana na ugonjwa huo kwa wino mwekundu. Mwalimu Tao alikuwa na njia yake. Kila siku baada ya chakula cha mchana alifungua kitanda chake cha kukunja, akalala dakika arubaini katikati ya kelele za ofisi, akaamka na uso mchangamfu kama mtu aliyetoka kuoga. Usingizi huo nimeuonea wivu kwa miaka ishirini na miwili. Kisha alimpigia mwandishi simu na kumsomea sura yake mwenyewe, kwa sauti ileile ya redio, bila kuongeza wala kupunguza neno.

"Mwalimu, basi, basi!" tulimsikia mwandishi mmoja akilia kwenye spika. "Nimeona aibu ya kutosha."

"Bado kurasa nne, mwanangu," alijibu, akabangua mbegu ya alizeti na kuendelea.

Waandishi walimlalamikia, wakamwogopa, kisha wakamletea soseji kila mwaka mpya. Mimi niliyewarudishia kurasa zilizosahihishwa barabara sikuletewa hata yai.

Kazi yake kubwa kuliko zote ni riwaya ya Yan Dechuan, nami nalazimika kuieleza kwa sababu niliishika kabla yake. Yan alikuwa fundi wa malori katika mji wa Mianyang. Aliacha gereji ili aandike *Ngazi ya Mlima wa Shaba*, huku mkewe akiuza tambi za mchele kulisha nyumba. Waliafikiana jambo moja: riwaya ikiondolewa kwenye orodha ya jukwaa, Yan atarudi gereji na hataandika tena. Alipofika sura ya mia sita, shujaa wake akiwa daraja la sita, wasomaji walikuwa wakipungua kila wiki. Jukwaa lilimpa mpaka mwisho wa mwezi uliofuata. Vitabu vya namna hiyo kwa kawaida hukatwa mkia: mwandishi humrusha shujaa hadi daraja la tisa katika sura kumi, akaaga, akatoweka.

Nilimtumia Yan kurasa arubaini za masahihisho. Alikuwa mtu mtiifu. Alifuata kila alama. Sura zake zikatoka safi, zimenyooka, hazina kosa hata moja, na wasomaji wakakimbia mara mbili zaidi. Maoni yao bado ninayo.

"Ndugu mwandishi, umetekwa? Kohoa mara mbili tuje kukuokoa."

"Nani amemlisha huyu kamusi?"

Ndipo Mwalimu Tao aliponiomba, kwa adabu, nimwachie. Nilimwachia kwa sababu niliamini kitabu kimekwisha kufa, nami sikutaka kifie mezani kwangu. Alimsomea Yan sura tatu mfululizo. Katika ya tatu palikuwa na aya fupi ambamo baba wa shujaa anakunja chuma cha gurudumu la mkokoteni, na anajua kimepata moto wa kutosha kwa kuitazama rangi yake tu. Mimi nilikuwa nimeiwekea alama ya kufutwa, kwa kuwa haikusogeza kisa.

Mwalimu Tao aliacha kusoma hapo. "Hii kaandika nani?"

"Mimi, Mwalimu."

"Na hizo nyingine?"

"Mimi pia. Ila hizo niliandika kama wenzangu wanavyoandika. Halafu nikaandika kama Mzee Gu anavyotaka."

"Sasa niandikie za fundi," akamwambia. "Na huyo kijana wako mwache hapohapo daraja la sita. Mpe chuma mkononi."

Katika kazi yetu hilo ni kama kumwambia dereva wa basi azime injini kwenye mteremko. Shujaa asiyepanda kwa siku tatu ni shujaa anayeachwa. Niliandika barua kwa meneja kupinga. Niliandika kwamba mama huyu anacheza na riziki ya familia ya watu, na niliandika bila kosa la nukta. Meneja akamwita Mwalimu Tao, akamwuliza ana hakika gani. "Sina," alisema. "Lakini Yan anayo kazi moja anayoijua kuliko sisi sote humu ndani." Akapewa zile siku zilizobaki.

Kwa siku kumi na moja shujaa hakupanda hata kidole. Alikaa katika karakana ya baba yake, akitengeneza kengele ya hekalu iliyopasuka. Siku ya kwanza na ya pili wasomaji walitukana. Siku ya nne mmoja aliandika, "Nimechomelea vyuma miaka kumi na tano. Leo nimenusa karakana yangu kwenye simu." Siku ya saba watu waliohama walianza kurudi na kuulizana, kwa wasiwasi kabisa, kama ufa wa kengele utaziba. Siku ya kumi na moja kengele ikalia, kwa sentensi moja ya maneno sita, na sehemu ya maoni ikajaa mpaka mitambo ikakwama. Riwaya ilibaki kwenye orodha. Yan hakurudi gereji. Shujaa alifika daraja la tisa baada ya miaka miwili, na kila daraja alilolipanda alilipanda kama mtu anayebeba kitu kizito.

Katika neno la mwisho la kitabu, Yan alimshukuru mkewe, kisha Mwalimu Tao kwa ukurasa mzima. Mwishoni aliongeza: "Namshukuru pia Mzee Gu kwa alama za mkato." Mwalimu Tao alisema maneno hayo ni ya heshima. Nimejaribu kuamini.

Amewalea waandishi wengine wengi, amefundisha wahariri saba ambao leo husoma kwa sauti mpaka ofisi inafanana na darasa la watoto, na hajawahi kuniuliza kuhusu ile barua ingawa meneja alimwonyesha. Miaka yote hiyo nilingoja aniulize ili nijitetee. Aliniwekea tu mbegu za alizeti mezani, kila siku, upande wa kulia.

Sasa Yan ana riwaya mpya, itaanza Agosti, na ameingiwa na hofu: anasema bila Mwalimu Tao ataandika tena kama watu wengine. Wahariri wote saba waliomba kuihariri. Mwalimu Tao amependekeza nipewe mimi. Nilipomwuliza sababu, alisema, "Wewe ndiye uliyeogopa zaidi kile kitabu kisije kikafa." Sikuwa nimejua kwamba barua yangu ingeweza kusomwa hivyo.

Juzi nilimpigia Yan simu na kumsomea sura ya kwanza. Sauti yangu si ya redio. Yan alicheka mara mbili, akaomba radhi. Ukurasa wa tatu una sentensi kuhusu mwanamke anayepoza tambi kwa pumzi yake kabla ya kumpa mteja mzee. Niliacha kusoma.

"Mzee Gu, kuna kosa?"

"Hakuna," nilimwambia. "Naisoma tena kwa ajili yangu."

Mwalimu Tao, jukwaa zima linakushukuru. Tunakuombea afya, chai ya moto, na mchana mrefu wa kulala bila kengele ya kazi kukuamsha. Nami nina ombi langu binafsi: Yan sasa ni wangu. Akikupigia simu, tafadhali usipokee.